Noeli ya theluji mjini Québec

Tangu tuliporudi Bukavu, watoto wa jirani hutusimamisha njiani na kutuuliza swali lile lile: theluji ni nini hasa? Wengine hudhani kwamba ni mvua ya mawe iliyozidi kiasi. Hata sisi tulikuwa tukidhani hivyo. Tena, kwa kuwa tumeulizwa pia na walimu wenzetu wa zamani, na hata na mama mmoja auzaye ndizi mbele ya kanisa, tumeona yafaa tuandike hapa mambo tuliyoyaona mwezi wa Desemba 2022, tulipokwenda kukaa na wajukuu wetu mjini Québec, katika nchi ya Kanada.

Sisi tu wazee wawili, mume na mke, walimu waliostaafu. Binti yetu huhudumia wazee wasiojiweza katika nyumba ya kuwatunza, na mume wake hufanya kazi katika ghala. Wamejaliwa watoto watatu: mvulana aliyekuwa na miaka 8 wakati ule, msichana wa miaka 5, na mdogo wa miaka 2 aliyezaliwa huko huko, ambaye tulikuwa hatujapata kumshika mikononi. Katika simu alikuwa akitupungia mkono vizuri sana. Lakini tulipofika mlangoni alijificha nyuma ya mamaye, akalia kana kwamba ameona fisi. Kwa siku kumi nzima hakukubali tumguse. Twakiri kwamba jambo hilo lilituuma. Mtu avuke bahari ili amwone mjukuu wake, na mjukuu amkimbie!

Safari yenyewe haina haja ya kusimuliwa kirefu. Kutoka Bukavu mpaka Kigali tulikwenda kwa gari. Kutoka Kigali mpaka Brussels, na kutoka Brussels mpaka Montréal, kwa ndege. Kisha tukapanda basi kwa kilomita 250 hivi mpaka Québec. Mji huo ni wa zamani: ulianzishwa na Mfaransa Samuel de Champlain mwaka 1608, juu ya mwamba unaotazama mto Saint-Laurent, nao ungali na kuta zake za mawe. Watoto wetu wanakaa Beauport, upande wa mashariki, karibu na maporomoko ya Montmorency. Maji hayo huanguka mita 83. Majira ya baridi yakifika katikati, manyunyu yake huganda na kufanya kilima cheupe chini ya maporomoko.

Basi, theluji. Kwanza, haina sauti. Mvua ya kwetu hupiga hodi juu ya mabati, kila mtu akajua kwamba imekuja. Theluji huingia kama mwizi: mnalala, mnaamka, na gari la jirani limekwisha kupotea. Ikianguka polepole hufanana na unga wa muhogo unaochekechwa. Tena baridi ikiwa kali, mtu akiikanyaga, hulia chini ya kiatu kama unga huo huo unaobanwa ndani ya mfuko. Kwa mwaka mmoja mjini Québec huanguka karibu mita 3 za theluji, ukijumlisha siku zote. Ndugu zetu wa Beni na Mutwanga watatucheka, maana wao huiona theluji ya Ruwenzori mawingu yakifunguka. Lakini kuiona kwa mbali, juu ya kilele cha mita 5,109, ni jambo moja. Na kuiondoa kwa beleshi mlangoni kabla ya chai ni jambo lingine.

Jambo lililotushangaza kuliko theluji ni kwamba watoto hawafungiwi ndani. Binti yetu alitueleza kwamba mwaka wake wa kwanza huko aliwaficha ndani tangu Novemba, kwa kuogopa kikohozi, akapasha nyumba joto mpaka madirisha yakatoa jasho. Mkubwa akanyamaza, akawa mtoto wa kukaa pembeni tu. Ni mwalimu wake aliyemwita mama na kumwambia kwa upole: mvishe, umtoe. Shuleni hucheza nje hata digri 10 chini ya sifuri. Nasi tukaona wenyewe, mashavu mekundu na pua zinazotiririka, wakipanda kilima cha bustani na kuteremka kwa ubao wa kuteleza, wakipiga kelele kama vijana wa Goma wanaoshuka na chukudu zao.

Ila kuwavisha! Asubuhi mama akiwa kazini, kazi hiyo ilituangukia sisi. Kwanza soksi mbili, kisha suruali ya ndani, sweta, suruali nene ya theluji yenye kamba za mabegani, buti, koti, kitambaa cha duara cha shingoni, kofia ya sufu, na mwisho glovu. Ole wako ukitanguliza glovu, maana mtoto hawezi tena kukusaidia na zipu. Siku ya kwanza tulitumia nusu saa kwa watoto wawili, tukajifuta jasho, tukafungua mlango. Ndipo msichana akatutazama kwa huzuni na kusema, “Koko, nataka kukojoa.” Tukaanza upya. Mdogo hakukubali kuvishwa nasi hata kidogo. Alimngoja babaye arudi.

Jua lazama mapema. Mnamo saa kumi za jioni giza limekwisha kuingia, na kila nyumba huwashwa taa ndogo za rangi kwenye madirisha na miti. Usiku trekta kubwa hupita kusomba theluji barabarani, nazo taa za njiani humweka kwanza ili wenye magari wayaondoe. Mvulana wetu aliyapenda matrekta hayo kama watoto wa kwetu wanavyopenda meli ya ziwani.

Sisi tulikuwa tumechukua zawadi moja iliyotugharimu fikira: pango la Noeli lililochongwa kwa mti na fundi wa Bukavu. Maria amefunga kitenge, Yosefu ameshika fimbo, na Mtoto ni mdogo kama kidole gumba, amelazwa katika kikapu. Tuliliweka sebuleni, tukatandika majani makavu. Kesho yake tukakuta msichana amemwaga pamba juu ya yote, hata juu ya ng'ombe. Babu akakemea: Betlehemu si Kanada! Mtoto akashika kiuno: “Sasa Yezu atajuaje kwamba amekuja kwetu?” Mvulana, ambaye hupenda kutafuta habari, akatuonyesha katika simu ya babaye picha za Desemba 2013, wakati theluji nyingi ilipoanguka Yerusalemu na Betlehemu. Basi pamba ikabaki. Kitu kimoja tu tulikatazana: Mtoto asilazwe katika kikapu kabla ya usiku wa Noeli. Msichana akapewa kazi ya kumtunza mpaka saa hiyo, akamweka ndani ya glovu yake ya kushoto.

Tarehe 22 Desemba mkwe wetu alitupeleka kuona kanisa kuu la Notre-Dame. Parokia hiyo ilianzishwa mwaka 1664. Kumbe tulifika siku ya ukumbusho wa uchungu: tarehe 22 Desemba 1922, miaka 100 kamili nyuma, kanisa lile liliteketea kwa moto, siku tatu tu kabla ya Noeli. Waliokuwapo walisali mahali pengine, kisha wakalijenga tena. Ndani pana dhahabu nyingi kuliko tulivyotazamia. Mvulana alitusimulia habari za Padri Jean de Brébeuf, Myezuiti, ambaye husemwa kuwa alitunga wimbo wa Noeli katika lugha ya Wahuroni mnamo mwaka 1642. Wazao wa watu hao, Wawendat, wangali wakikaa Wendake, karibu na mji. Tulipenda kusikia kwamba Noeli ilikwisha kuimbwa kwa lugha ya wenyeji mapema hivyo.

Siku ya pili yake, Ijumaa, ikaja dhoruba.

Tangu asubuhi upepo ulivuma kwa nguvu, na miti iliyolemewa na theluji ya maji ikainama, ikavunjika juu ya nyaya za umeme. Binti yetu alikuwa kazini. Mnamo saa tisa za alasiri taa zilizimika, friji ikanyamaza, na vyombo vya kupasha joto vilivyo chini ya madirisha vikaanza kupoa. Wakati ule zaidi ya nyumba 300,000 katika jimbo la Québec zilikosa umeme. Yafaa msomaji aelewe: huko nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, unaotoka katika mabwawa makubwa ya mito, kama sisi tunavyopata wa Ruzizi, siku tunapoupata. Umeme ukikatika, si taa tu zinazokufa.

Watoto waliogopa. Hawajazoea giza. Sisi, twaungama, tulifurahi kidogo. Hatimaye jambo tunalolijua! Tukawasha mishumaa, tukawakusanya wote katika chumba kimoja, tukatandika magodoro chini, tukaanza hadithi ya sungura na fisi. Mkwe wetu akaondoka na gari kumfuata mkewe. Baada ya saa moja alipiga simu kwamba mti umeziba njia, naye hawezi kwenda mbele wala kurudi, na kwamba mkewe hana wa kumpokea zamu. Tukabaki wazee wawili na watoto watatu. Kipimo cha ukutani kilishuka kutoka digri 21 mpaka 16, kisha 13. Mdogo alikuwa amechoka kulia, na midomo yake imepauka.

Ndipo babu alipokumbuka jiko la kuchomea nyama lililokuwa barazani, pamoja na nusu mfuko wa makala iliyobaki tangu majira ya joto. Tukashauriana. Tuliona ni akili njema: mbabula moja, maji ya moto, chumba chenye joto. Tumelala hivyo mara ngapi milimani kwetu? Babu akaliingiza jiko jikoni, akafunga mlango vizuri kuzuia upepo, akapanga makala, akatafuta kiberiti.

“Koko, hapana! Msiwashe!” Mvulana alisimama mbele ya jiko, mikono ameinyosha. “Tutakufa. Walitufundisha shuleni.” Babu akamwambia kwamba amekuwa akiwasha makala tangu kabla mamaye hajazaliwa. Mtoto hakuondoka. Tulikasirika, si kidogo. Katika desturi yetu mtoto hamzuii mzee mkono. Babu akamsukuma kando, akawasha kijiti. Mvulana akakimbia nje bila koti, katika upepo ule, akapiga ngumi mlango wa jirani.

Jirani ni mjane wa miaka karibu 80, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tumesalimiana naye kwa kichwa tu, maana Kifaransa chake hutushinda kukifuata akisema haraka. Alikuja na taa mkononi, akaona jiko, akalipuliza, akafungua mlango wazi. Kisha akasema polepole, kama mtu asomeaye wanafunzi imla. Mwaka 1998, mwezi wa Januari, mvua iliyoganda iliangusha nguzo za umeme katika sehemu kubwa ya jimbo, na watu zaidi ya milioni 3 wakakosa umeme, wengine kwa majuma kadhaa. Dada yake aliishi Saint-Hyacinthe wakati huo. Wakaingiza ndani majiko ya makaa na mashine za nje, kama sisi, na wako waliolala wasiamke. Makaa yakiwaka hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, ambayo huchukua mahali pa hewa njema katika damu. Nyumba za kwetu zina nafasi chini ya paa, moshi ukapata njia; nyumba za huko zimezibwa kila ufa, madirisha yana vioo viwili. Na hata kwetu, ukisema kweli, watu hufa hivyo hivyo, wakiingiza mbabula chumbani usiku wa mvua na kufunga madirisha. Tulikuwa tumesikia habari hizo mara nyingi, tukadhani ni za watu wengine.

Babu hakusema neno. Alimvua koti lake mwenyewe akamfunika mvulana, aliyekuwa akitetemeka.

Mama yule akatuamuru sote twende kwake, kwa kuwa alikuwa na jiko la kuni la chuma lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Tuliwavisha watoto gizani, kwa kupapasa, na safari hii mdogo hakupinga. Nyanya alimfunga mgongoni kwa kitenge, koti juu yake, jinsi tulivyowabeba wote wa kwetu. Ni hatua 40 tu kati ya nyumba mbili, lakini upepo ulitusukuma, na theluji ilifika magotini. Tulipofika kwenye moto tulitaka kumteremsha. Alikuwa amelala, shavu lake limelala juu ya uti wa mgongo wa nyanya. Alibaki hapo mpaka alfajiri, na nyanya akakaa wima kitini usiku kucha, akikataa kupokewa. Mgongo ulimwuma siku tatu, naye hakulalamika hata mara moja, jambo lisilo desturi yake.

Asubuhi wazazi wakafika, macho mekundu. Mvulana akawaeleza yote. Babu akaongeza mwenyewe sehemu ambazo mtoto alikuwa ameziruka kwa heshima.

Umeme haukurudi tarehe 24. Tulifanya usiku wa Noeli kwa yule mama, watu wanane pamoja naye. Alipasha juu ya jiko lake mkate wa nyama uitwao tourtière, ambao ni desturi yao wakati huo, nasi tukatia sufuria ya maharage tuliyoyachukua kutoka nyumbani. Aliyala kwa adabu, kisha akaomba mara ya pili. Kwenda Misa ya usiku haikuwezekana, kwa hiyo tulisali Rozari, fungu moja kwa Kifaransa na moja kwa Kiswahili, yeye akiitikia kwa lugha yake bila kujali. Saa sita za usiku ilipofika, huku Bukavu ilikuwa saa moja asubuhi ya Noeli. Simu ikalia: shangazi wa watoto, aliyekuwa akijitayarisha kwenda kanisani Kadutu. Tukamweleza kwamba tumekaa gizani tangu jana. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. “Loo! Umeme wa kwetu umewafuata mpaka huko?”

Wakati huo huo msichana akaweka mkono katika glovu yake ya kushoto ili atoe Mtoto Yezu. Hakuwamo. Tulipekua mifuko, buti, na kitenge cha nyanya. Alikuwa ameanguka njiani usiku ule, kati ya nyumba mbili, na tangu wakati huo theluji nyingine ilikuwa imeshuka. Mtoto alilia kilio kisicho na sauti, ambacho ndicho kibaya zaidi. Alitaka kutoka hapo hapo. “Ana baridi,” alisema, “na mimi ndiye niliyepewa kumtunza.” Jirani akamletea Mtoto wa pango lake mwenyewe, wa plasta, mkubwa kama mkate. Hakumtaka.

Umeme ulirudi tarehe 25 alasiri. Tulirudi nyumbani, tukamkuta Maria na Yosefu wakitazama kikapu kitupu katikati ya pamba. Babaye na mvulana walichimba kwa beleshi mpaka giza likaingia, wasione kitu. Mwishoni babu alichukua haragwe moja jekundu katika mfuko wetu, akalifunga kitambaa cheupe, akamwita msichana, wakalilaza pamoja. Lilikaa humo mpaka sikukuu ya Wafalme. Mdogo alijaribu kulila mara mbili, tukampokonya; wakati huo alikuwa amekwisha kuzoea kukaa mapajani mwetu, hata tukachoka.

Tulirudi Bukavu mwezi wa Februari. Mwezi wa Aprili 2023, juma moja baada ya Pasaka, binti yetu alipiga simu usiku. Theluji ilikuwa imeyeyuka mpaka majani ya mwaka uliopita yakaonekana. Nyuma ya simu tulisikia kelele, kisha mtoto akamnyang'anya mamaye chombo.

“Koko, tumemwona! Alikuwa karibu na uzio wa Madame. Amepoteza rangi kidogo tu. Nimemwosha kwa maji ya moto, lakini si ya moto sana.”